Ujasiri si mizani ya kupimia madereva wa mbio

Mhariri,

Mjadala wa nani dereva bora wa Formula 1 wa nyakati zote umechukua nafasi kubwa katika kurasa zenu za michezo, na barua zilizotangulia zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linashikilia kwamba Juan Manuel Fangio na wenzake ndio waliokuwa madereva hasa, kwa kuwa waliendesha bila mkanda, mikono mitupu imeshika usukani mkubwa kama sinia, na kwamba hawa wa leo wanalelewa kama mayai. Kundi la pili linamwaga idadi mezani, ushindi 105 wa Lewis Hamilton kufikia mwisho wa 2025, 91 wa Michael Schumacher, likaona kesi imekwisha. Methali ya kila zama na kitabu chake imetajwa mara kadhaa, ila walioitaja hawakukifungua hicho kitabu. Naomba nafasi nikifungue kurasa chache.

Nianze na idadi, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Fangio alishinda mbio 24 kati ya 51 alizoanza, karibu nusu. Jim Clark alishinda 25 kati ya 72, theluthi na ushei. Schumacher alishinda 91 kati ya 306, na Hamilton hayuko mbali naye, wote wawili chini ya theluthi. Ukipanga kwa idadi, Fangio anazama. Ukipanga kwa asilimia, anaelea juu ya wote. Msimu wa 1950 ulikuwa na mbio 7, moja ikiwa Indianapolis 500 ya Marekani ambayo timu za Ulaya hazikuishughulikia. Msimu wa 2024 ulikuwa na mbio 24. Maisha yote ya Fangio katika Formula 1 yangetoshea ndani ya misimu miwili na kidogo ya sasa.

Hata hizo 24 zake zina maelezo. Mbili alishinda kwa gari la mwenzake: Ufaransa 1951 alichukua gari la Luigi Fagioli, Argentina 1956 akachukua la Luigi Musso. Sheria iliruhusu. Gari la kiongozi wa timu likifa, mwenzake anaitwa piti, yaani kituo cha timu pembeni mwa njia, anashuka, kiongozi anapanda, pointi wanagawana. Monza, Italia, 1956 Peter Collins, ambaye bado alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa, alishuka kwa hiari yake akampa Fangio gari, na Fangio akatwaa ubingwa. Simlaumu Fangio, ndivyo mchezo ulivyokuwa. Ila anayetaka kulinganisha ushindi kwa ushindi lazima aseme anafanyaje na huo.

Pointi nazo zina vituko vyake. Mwaka 1988 Alain Prost alikusanya 105 na Ayrton Senna 94, lakini yalihesabiwa matokeo 11 bora tu katika mbio 16. Senna akabaki na 90, Prost na 87, ubingwa ukaenda kwa Senna. Mwaka 1984 Niki Lauda alimzidi Prost huyo huyo kwa nusu pointi, 72 kwa 71.5, ingawa Prost alishinda mara 7 na Lauda mara 5. Nusu hiyo ilizaliwa Monaco, ambako mbio zilikatishwa kwa mvua Prost akiongoza, na mshindi akalipwa pointi 4.5 badala ya 9. Kama mbio zingekwenda hadi mwisho na Prost akapitwa akawa wa pili, angepata 6 na angekuwa bingwa. Angeshindwa siku hiyo, akashinda mwaka mzima.

Halafu kuna gari kuharibika, jambo ambalo kizazi kilichoanza kutazama miaka ya karibuni hakilijui vizuri. Tarehe 29 Desemba 1962, East London, Afrika Kusini, Clark alikuwa akiongoza mbio za mwisho za msimu na ubingwa ukiwa mkononi. Zikiwa zimebaki takriban mizunguko 20, bolti moja ndogo kwenye injini ililegea ikatoka, mafuta ya kulainishia yakavuja, akaegesha. Graham Hill akawa bingwa. Mwaka 1964 huko Meksiko, mafuta yalivuja tena mwishoni kabisa, na ubingwa ukaenda kwa John Surtees. Clark amebaki na ubingwa wa 1963 na 1965. Linganisha na 2023, ambapo Max Verstappen alimaliza mbio zote 22 na kushinda 19. Alberto Ascari mwaka 1952 alishinda 6 kati ya 7 alizoanza. Asilimia zao zimepishana kwa nywele, 86 na ushei kwa 85 na ushei, lakini Ascari alikuwa na Ferrari katika msimu ambao Alfa Romeo walikuwa wamejitoa na mbio zikaendeshwa kwa kanuni za Formula 2, daraja la chini yake. Verstappen naye alikuwa na gari lililowaacha wengine mbali. Hapo walau wanafanana.

Sasa nije kwenye hoja ya ujasiri, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wanaosema madereva wa zamani walikuwa wakienda hadi mwisho wa uwezo kila mzunguko hawajawahi kuangalia muda wao. Chukueni Nürburgring, Ujerumani, 4 Agosti 1957. Njia ile ilikuwa na urefu wa kilomita 22.8, miti pembeni, mitaro, mawe, na mahali pengi hapakuwa na uzio wowote. Katika majaribio ya kupanga nafasi Fangio alikuwa wa kwanza kwa dakika 9 na sekunde 25.6. Katika mbio, alianza na mafuta nusu tangi kwa mpango wa kuingia piti mara moja. Alipotoka piti, Mike Hawthorn na Collins walikuwa wamemtangulia kwa zaidi ya sekunde 40. Akaanza kuwafukuza. Akavunja rekodi ya njia, akaivunja tena, hadi ikafika dakika 9 na sekunde 17.4, zaidi ya sekunde 8 chini ya muda uliompa nafasi ya mbele. Akawapita wote wawili na kushinda kwa sekunde 3.6.

Tairi mpya zilimsaidia, sikatai. Lakini sekunde 8 haziletwi na tairi peke yake. Zilikuwa akiba aliyokuwa anaiweka siku zote. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwahi kuendesha namna ile, na hakutaka kurudia. Alikuwa na umri wa miaka 46, na huo ulikuwa ushindi wake wa mwisho katika ubingwa wa dunia.

Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa ufundi wenyewe. Dereva wa 1957 alitafuta ukomo wa gari kutoka chini: anaongeza kidogo, anasikiliza tairi, anaongeza tena, anaacha pale nyuma inapoanza kuteleza zaidi ya anavyoweza kuirudisha. Akivuka, adhabu ni mti. Dereva wa leo katika kona yenye lami pana pembeni anatafuta ukomo kutoka juu: anachelewesha breki mita 5, anatoka nje, anapoteza sekunde 1, anarudi, mzunguko ujao anachelewesha mita 3. Ijumaa moja ya mazoezi inampa majibu ambayo Fangio angeyapata kwa msimu mzima, kama angebaki hai. Ndiyo maana wa leo wanatenganishwa na sehemu za elfu za sekunde. Wote wameruhusiwa kuujua ukomo ulipo. Na mahali ukuta uliposogezwa karibu, Monaco, Baku au Jeddah, mnawaona wakipitisha tairi sentimita chache kutoka kwenye zege kwa mwendo ambao mtu mwoga hawezi.

Sasa, kwa nini wale wa zamani hawakufunga mkanda? Barua moja ilijibu kwamba walikuwa na roho ngumu. Hapana. Walikuwa wamepiga hesabu, na kwa magari yale hesabu yao haikuwa ya kijinga. Gari la miaka ya 1950 lilikuwa fremu ya mabomba iliyovikwa bati jembamba, na tangi la mafuta mgongoni mwa dereva. Likigonga, linabiringika, likibiringika, tangi linapasuka. Aliyerushwa nje alikuwa na nafasi. Aliyebaki ndani alikuwa na moto. Fangio mwenyewe alirushwa nje Monza mwaka 1952 akavunjika shingo, akakosa msimu uliobaki, lakini akaishi. Stirling Moss alirushwa nje Spa, Ubelgiji, mwaka 1960 akavunjika miguu na mgongo, naye akaishi. Kumfunga mtu mkanda ndani ya gari la namna hiyo ni kumfunga ndani ya jiko.

Miaka ya 1960 mambo yaligeuka kuwa mabaya zaidi kabla hayajawa mazuri. Injini ikahamia nyuma, bodi ikawa kasha la karatasi nyembamba za alumini, na mafuta yakawekwa mifukoni mwa kasha hilo, kushoto na kulia kwa dereva. Gari likawa jepesi na imara kwenye kona, na dereva akawa ameketi katikati ya petroli. Spa 1966, mvua ikiwa imeanza katika mzunguko wa kwanza, Jackie Stewart alitoka nje ya njia, gari likajikunja, usukani ukamkandamiza mguu na mafuta yakamwagika hadi yakamlowesha mwilini. Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wametoka nje ya njia, walikwenda kumtoa. Usukani haukutoka bila spana, na spana hawakuwa nayo. Iliazimwa kwa mtazamaji. Stewart alikaa ndani ya mafuta dakika zipatazo 25, cheche moja tu ikihitajika. Baada ya hapo alifunga spana kwa utepe kwenye mhimili wa usukani wake, na usukani wa kuchomoka kwa mkono ukaja kuwa kawaida. Leo dereva anauchomoa kwa vidole, sekunde moja.

Ubaya wa kubadilisha kitu kimoja na kuacha kingine unaonekana kwa Jochen Rindt. Kufikia 1970 mikanda ilikuwa imeshaingia, lakini hofu ya moto haikuwa imetoka. Rindt alikubali mikanda ya mabega na kiuno, akakataa ile inayopita kati ya mapaja, kwa sababu alitaka kutoka haraka gari likiwaka. Monza, 5 Septemba 1970, mhimili wa breki ya mbele ulivunjika, gari likaingia kwenye uzio wa chuma. Mwili uliteleza kwenda mbele chini ya mkanda wa kiuno, na bizimu ya mkanda ikamkata koo. Gari halikuwaka. Alikuwa amejikinga na ajali ya miaka minne nyuma. Mwishoni mwa msimu hakuna aliyezifikia pointi zake, akawa bingwa akiwa kaburini.

Mkanda wa pointi sita, yaani unaoshikwa mahali sita, ulilazimishwa 1972, na tangi la mfuko wa mpira, teknolojia iliyotoka kwenye ndege, likaingia miaka hiyo hiyo. Vitu hivyo viwili vinategemeana. Mkanda una maana iwapo tangi halimwagi na kasha halijikunji. Tangi lisilomwaga nalo halina faida kwa mtu aliyerushwa akaangukia kichwa. Anayeuliza kwa nini usalama ulichelewa aanzie hapo kabla hajasema watu hawakujali. Ingawa wapo ambao kweli hawakujali. Zandvoort, 29 Julai 1973, gari la Roger Williamson lilipinduka likawaka, naye yu hai ndani. David Purley alisimamisha gari lake, akajaribu peke yake kulipindua lile lililowaka. Wasimamizi wa njia waliokuwa jirani hawakuwa na nguo za kuzuia moto, kwa hiyo hawakuweza kusogea. Madereva wengine waliendelea kupita, wakidhani Purley ndiye mwenye gari na ameshatoka. Mbio hazikusimamishwa. Purley alitunukiwa nishani ya ushujaa, Williamson alikufa.

Kwa kuwa nimetaja mkanda, niongeze jambo ambalo hata baadhi ya wanaokimbia mbio ndogo za mwisho wa wiki hukosea. Mikanda sita haikazwi kwa mpangilio wowote. Wa kiuno unatangulia, ukae chini kabisa juu ya mifupa ya nyonga, usiwe tumboni. Unakazwa hadi mtu ashindwe kujisogeza kwenye kiti. Kisha inafuata ya mapajani. Mabega ni mwisho. Ukianza na mabega, ukiyavuta yanapandisha mkanda wa kiuno juu ya tumbo, na kwenye ajali unakata ini na matumbo badala ya kushika mfupa. Mkanda uliojikunja mara moja tu unabeba mzigo wote kwenye ukingo wake na kuchanika mapema. Jua nalo linaula: mikanda yenye kibali cha FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ina mwaka wa mwisho wa matumizi uliochapwa kwenye lebo, miaka 5 baada ya kutengenezwa, hata kama haijawahi kupata ajali. Ikipata ajali nzito inatupwa siku hiyo hiyo, maana nyuzi zimeshavutika na hazitavutika tena kwa kiwango kile kile.

Na mkanda mzuri ukaleta tatizo jipya. Kifua kikashikwa barabara, kichwa kikabaki huru. Kichwa na helmeti pamoja vina uzito wa kama kilo 6. Gari likisimama ghafla kwa nguvu ya 67G, yaani mara 67 ya uzito wa kawaida, hizo kilo 6 zinavuta shingo kama kilo 400. Kinachovunjika ni sakafu ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoingia. Profesa Robert Hubbard wa Marekani, mtaalamu wa mwili na ajali, pamoja na shemeji yake Jim Downing ambaye alikuwa dereva, walitengeneza jibu mwanzoni mwa miaka ya 1980: kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, yenye kamba mbili fupi zinazoshika helmeti. Kichwa kikitaka kwenda mbele, kamba zinakizuia, mzigo unapitia kwenye kola hadi kwenye mikanda na kifua, shingo inapumzika. Kifaa kinaitwa HANS.

Kilidharauliwa karibu miaka 20. Madereva walilalamika kwamba kinabana mabega, kinazuia kugeuka, kinachelewesha kutoka. Kati ya Mei 2000 na Februari 2001 mbio za NASCAR za Marekani na matawi yake zilipoteza madereva wanne kwa majeraha ya aina hiyo ya kichwa na shingo, wa mwisho Dale Earnhardt, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, 18 Februari 2001. Mwaka huo huo NASCAR ikalazimisha kifaa cha kushika kichwa, na Formula 1 ikafuata 2003. Mjue kwamba HANS iliyofungwa ovyo inakuwa pambo tu: mkanda wa bega ukikaa pembeni mwa kola unateleza na kuanguka ajali ikitokea, mlalo wa kola usipolingana na mlalo wa kiti, kola inasukuma helmeti mbele hata dereva akiwa ametulia, na misumari ya kushikia kamba kwenye helmeti lazima iwe ile iliyoidhinishwa, haitobolewi nyumbani kwa drili.

Kwa nini hizo G zinapungua leo kuliko zamani, katika mwendo ule ule au mkubwa zaidi? Jibu ni umbali. Mwendo wa kilomita 192 kwa saa ni mita 53 kwa sekunde. Ukisimama ndani ya nusu mita, wastani ni kama 290G. Ndani ya mita 1, 145G. Ndani ya mita 2, 72G. Kila sentimita unayoongeza kati ya ukuta na mgongo wa dereva inanunua uhai. Pua ya gari inayosagika, tairi zilizofungwa pamoja mbele ya ukuta, ukuta wa mabomba ya chuma na povu ulioanza Indianapolis mwaka 2002, vyote kazi yao ni hiyo moja tu. Katikati ya vitu hivyo vinavyosagika, kasha la dereva lenyewe halitakiwi kusagika hata kidogo. McLaren walileta kasha la nyuzi za kaboni mwaka 1981, watu wakasema litavunjika kama sahani. Monza mwaka huo huo John Watson aligonga hadi injini ikang'oka na kubaki njiani. Yeye akashuka akatembea. Maneno yakaisha.

Ajali inayofungua kitabu chote kwa pamoja ni ya Romain Grosjean, Bahrain, 29 Novemba 2020. Aligonga uzio wa chuma kwa kilomita 192 kwa saa, nguvu ikafika 67G, gari likakatika vipande viwili na nusu ya mbele ikapenya katikati ya uzio. Halo, upinde wa titani wenye uzito wa takriban kilo 7 uliolazimishwa 2018 huku mashabiki wakiuzomea kwa ubaya wa sura, ulisukuma chuma kipite juu ya kichwa chake. HANS ilishika shingo. Kasha halikujikunja, isipokuwa mguu wake wa kushoto ulinaswa, akauchomoa akiacha kiatu. Moto uliwaka kwa sababu mfuniko wa ukaguzi wa tangi uling'oka na kiungo cha bomba la mafuta kikachanika. Alikaa motoni sekunde zipatazo 27. Aliungua mikono, ndani ya nguo za kuzuia moto mwili ulibaki salama.

Na daktari alikuwa hapo ndani ya sekunde chache. Haikuwa bahati. Tangu Ronnie Peterson alipofariki baada ya ajali ya mwanzo wa mbio Monza mwaka 1978, Profesa Sid Watkins alisisitiza gari la daktari lifuate msururu mzunguko mzima wa kwanza. Grosjean aligonga katika mzunguko wa kwanza.

Tuseme basi ni kweli Grosjean alikuwa dereva laini kwa sababu alikuwa na Halo? Aliyejitoa kwenye moto ule kwa kujaribu upande huu, ukakataa, upande ule, ukakataa, akakaa chini, akafikiri, akajaribu tena? Au Lauda, aliyeungua Nürburgring tarehe 1 Agosti 1976 na kurudi Monza wiki sita baadaye akiwa na bendeji zinazovuja damu, akamaliza wa nne? Mwaka huo huo, kwenye mbio za mwisho huko Fuji, Lauda aliegesha gari kwa hiari baada ya mizunguko miwili kwa sababu mvua ilizidi, akapoteza ubingwa kwa James Hunt kwa pointi 1. Ni mtu mmoja, msimu mmoja. Mwiteni shujaa au mwoga, jina lolote kati ya hayo halitawaambia alivyokuwa hodari wa kupanga gari.

Surtees alikataa kuendesha Honda mpya yenye bodi ya magnesiamu mwaka 1968, akisema haijawa tayari. Jo Schlesser akaiendesha Rouen, ikatoka nje ya njia ikiwa na tangi limejaa, ikawaka. Kukataa kule kulikuwa uamuzi wa dereva mzuri kama ushindi wowote wa Surtees, lakini hauonekani kwenye takwimu.

Usalama wenyewe haujakamilika, nisieleweke vibaya. Wasimamizi wawili wa njia waliuawa na tairi zilizoruka, Monza 2000 na Melbourne 2001, katika kipindi ambacho tunajivunia kwamba hakuna dereva aliyekufa. Suzuka, 5 Oktoba 2014, Jules Bianchi aliteleza kwenye maji akaingia chini ya trekta iliyokuwa ikiondoa gari jingine. Hakuna kasha la kaboni lililotengenezwa kwa ajili ya trekta. Kilichobadilika ni utaratibu: tangu 2015 mbio zote zinaweza kupunguzwa mwendo kwa amri moja, na kila dereva anaonyeshwa kwenye usukani muda ambao haruhusiwi kuwa chini yake.

Ombi langu kwa dawati lenu la michezo ni dogo. Mwenzake wa timu ndiye kipimo pekee kilicho karibu na haki, kwa kuwa ana gari lile lile siku ile ile: Senna na Prost 1988, wakashinda mbio 15 kati ya 16 wakipokezana, Hamilton na Fernando Alonso 2007, wakamaliza sawa kwa pointi 109. Mkichapa tena orodha ya madereva bora, wekeni safu ya mbio alizoanza, ya matokeo yake dhidi ya mwenzake, na ya mara ngapi gari lilimfia na kwa nini. Safu hiyo ya mwisho itawachukua muda kuijaza. Mnaweza kuanza na Clark, East London, 29 Desemba 1962: bolti.

Msomaji wenu wa kurasa za michezo